Ng'ombe wa pembe ndefu na wageni wa Jumamosi: je, nikate pembe?

*"Habari Daktari. Nina shamba la ekari 60 upande wa Isinya ambako ninazalisha ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu. Sasa wamefika 22 pamoja na ndama. Tangu binti yangu aweke picha zao mtandaoni, watu wa Nairobi wananipigia simu wakitaka kuja Jumamosi na watoto, wengine hata kufanyia hapa sherehe za kuzaliwa. Kiingilio kingenisaidia kununua nyasi wakati wa kiangazi. Lakini mke wangu anaogopa pembe, na shemeji ananishauri nizikate zote kabla mtu hajaumia. Nina fahali mmoja niliyemlea kwa chupa baada ya mamake kufa. Ni mpole kabisa, na nilifikiri huyo ndiye watoto wamguse. Wageni wanaulizia pia maziwa yaliyokamuliwa papo hapo. Jirani naye anasema watu hawa wataniletea ugonjwa wa miguu na midomo. Nimeandika kibao cha 'Ingia kwa hatari yako mwenyewe'. Je, kinatosha? Na pembe, nikate?"*

Ndugu yangu, pembe usikate. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee kati ya yote uliyouliza ambalo ukishalifanya halirudi. Mengine tunaweza kuyapanga na kuyapangua. Hofu ya mke wako ina msingi, na nitaeleza jinsi ya kuishughulikia. Hata hivyo, nilipokuwa nasoma swali lako, vilivyonipa wasiwasi zaidi ni vitu vitatu ambavyo umevitaja kwa kupita tu: yule fahali wa chupa, yale maziwa ya papo hapo, na viatu vya wageni.

Watu wengi hudhani kukata pembe ni sawa na kukata kucha. Kwa nje ni kweli: lile ganda gumu ni keratini, kama kwato, na halina hisia. Ndani ya ganda hilo kuna mfupa hai uliojaa mishipa ya damu, unaotokeza kwenye fuvu. Ng'ombe akishakua, ndani ya mfupa huo kunakuwa na uwazi unaoungana na matundu ya hewa ya paji la uso. Kwa hiyo ukimkata Ankole mzima pembe karibu na kichwa, unaacha tundu linaloingia moja kwa moja kichwani mwake. Damu huruka, nzi hufuata, na usaha ukishaingia humo ni kazi ndefu kuutoa. Tena pembe hizo zina kazi. Damu yenye joto hupita kwenye ule mfupa, hupoa, kisha hurudi mwilini, na katika jua la Kajiado saa nane mchana hilo si jambo dogo kwa mnyama.

Kama ungekuwa na ng'ombe wa maziwa, ningekushauri uwachome ndama vitumba vya pembe kwa dawa ya ganzi kabla ya miezi miwili, wakati kitumba bado hakijashikana na fuvu. Kwa Ankole hakuna sababu ya kufanya hivyo. Pembe ndizo zinazowatoa watu mjini, na ndizo zinazompa bei ndama wako akinunuliwa na mfugaji mwingine. Ukiona ncha moja imekuwa kali kupita kiasi, daktari wa mifugo anaweza kuipunguza kidogo kwenye sehemu ile iliyo ganda tupu, bila kugusa mfupa. Zaidi ya hapo usiruhusu.

Sasa tuangalie pembe zinavyoumiza watu. Simama siku moja karibu na jike lako lililotulia, linacheua, macho nusu yamefumba. Nzi anatua begani. Ng'ombe anageuza kichwa ghafla kumfukuza kwa ulimi, na ncha ya pembe inakata hewa kwa upana mkubwa kabla hujapepesa jicho. Hajakasirika wala hajakuona. Yeye anajua vizuri upana wa pembe zake akipita kati ya miti, lakini hakutarajia mtu asimame pale kwa ajili ya picha. Ajali nyingi za ng'ombe wapole huwa za namna hii. Pembe za Ankole mkubwa zinaweza kufika mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha, maana yake kila upande una zaidi ya mita moja ya kufagia. Hapo ndipo napata kipimo changu: wageni wasimame nyuma ya uzio wa pili ulio mita mbili kutoka uzio wa ng'ombe. Uzio mmoja hautoshi, kwa sababu pembe hupenya kati ya mbao, na mtoto akishikilia mbao hizo uso wake uko hapo hapo.

Ndani ya zizi asiingie mgeni yeyote, hata anayejigamba kwamba kwao wanafuga. Ng'ombe macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa, na mbele huwa hapimi umbali vizuri. Mtu akimjia kutoka nyuma, au akitokea ghafla mbele ya pua yake na simu, anamshtua. Kila ng'ombe pia ana eneo lake: ukilivuka anasogea, na akikosa pa kusogea atapitia palipo na mtu. Kwa hiyo sehemu ya kuonyeshea iwe pana, iwe na lango wazi upande wa nyuma, na ng'ombe akichoka kutazamwa aweze kuondoka. Usimfungie konani ili watu wamwone vizuri. Waliozaa karibuni wabaki mbali na ndama wao, na mbwa wa wageni wabaki nyumbani kwao. Jike mwenye ndama akiona mbwa hana subira, na mbwa akiogopa hukimbilia kwa mwenyewe.

Wageni wako watakuuliza kama hawa ni ng'ombe wa Texas. Wajibu kwa upole kwamba sivyo. Wale wa Marekani wametokana na ng'ombe wa Kihispania walioanza kufikishwa Amerika mwaka 1493, na nusura watoweke kabla serikali ya huko haijaanzisha kundi la kuwahifadhi katika jimbo la Oklahoma mwaka 1927. Wako ni wa jamii ya Sanga, waliotokana na ng'ombe wa kale wa Afrika waliochanganyika na zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, na nyumbani kwao ni Uganda magharibi, Rwanda, Burundi na upande wa Karagwe huko Tanzania. Nalitaja hili kwa sababu Rwanda wana la kutufundisha. Kule Nyanza, kwenye makumbusho ya jumba la mfalme, Inyambo, yaani ng'ombe wao wa pembe ndefu, huonyeshwa kwa wageni, na wanatulia. Wanatulia kwa sababu wachungaji wao hukaa nao kila siku, huwapapasa, huwaimbia, na ndio wanaosimama kando yao mgeni anapokuja. Mchungaji wako ndiye usalama wako mkuu. Asiondoke pale kwenda kuegesha magari.

Sasa fahali wa chupa. Hapa nakusihi unisikilize hata kama moyo unakataa, maana najua umemlea kama mtoto. Ndama dume aliyelelewa na mtu peke yake, bila ng'ombe wenzake, hukua akimhesabu mtu kuwa mwenzake wa kundi. Akiwa mdogo tabia hiyo inapendeza: anakufuata, anakusukuma kwa kichwa kama mchezo. Akikomaa, yale yale aliyokuwa akicheza yanakuwa njia ya kupimana nguvu, na atapimana nawe, na mchungaji, au na mtoto wa mgeni. Dume aliyelelewa na mamake huwa na hofu kidogo ya binadamu, na hofu hiyo hutulinda. Wako hana. Upole wa jana haukupi hakikisho la kesho, hasa jike lililo kwenye joto likiwa karibu.

Jifunze ishara zake. Kabla ya kushambulia, dume mara nyingi hujigeuza ubavu ili aonekane mkubwa, huinua mgongo, huinamisha kichwa na kuparua ardhi, macho yakiwa yamemtoka. Ukiona hivyo usikimbie wala usimpe mgongo. Rudi nyuma polepole kwa upande huku unamtazama, mpaka ufike langoni. Na tangu leo mtenge na wageni kabisa. Kama huhitaji mbegu yake, kuhasiwa mapema hupunguza hatari ingawa hakufuti tabia aliyokwisha kuizoea. Kwa mguso wa watoto, chagua jike mzee aliyezoea watu au maksai mtulivu, ashikwe na mchungaji kwenye krashi, yaani kile kichochoro cha mbao cha kumbania ng'ombe, na mtoto amguse mgongoni au kiunoni kutoka nje ya mbao, upande wa kichwa ukiwa umezibwa. Krashi za kawaida nyingi hazina nafasi ya pembe hizi, kwa hiyo fundi aje akupimie kwanza.

Jirani yako yuko sahihi kuhusu ugonjwa wa miguu na midomo, ila kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, watoto hawataupata kwa ng'ombe. Ule ugonjwa wa vipele vya mikono, miguu na mdomo unaoenea katika shule za chekechea ni wa virusi vingine. La pili, mgeni haleti ugonjwa kwa kuwa mchafu au mgonjwa. Anauleta kwa tope na kinyesi kilichonata kwenye soli, kwenye magurudumu na kwenye nguo, kwa sababu virusi hivi vinaweza kuishi humo siku kadhaa, na pakiwa na unyevu na baridi hata wiki. Fikiria nani anakuja kwako Jumamosi. Mmoja ana ng'ombe wa maziwa Kiambu. Mwingine asubuhi alipitia machinjioni Dagoretti kuchukua nyama ya kuchoma. Wa tatu alikuwa soko la mifugo la Bissil jana na viatu ni vile vile. Mtu anayekaa ghorofani Kilimani na hana hata kuku hana hatari kubwa.

Kwa hiyo anayepiga simu muulize: unafuga? Umeenda soko la mifugo, machinjioni au boma lingine siku mbili zilizopita? Akisema ndiyo, aje wiki nyingine, au abadilishe nguo zote na avae viatu vyako. Ningependa zaidi ununue gambuti za saizi mbalimbali, za watoto na za watu wazima, zisizotoka shambani kwako kamwe. Magari yaachwe nje ya lango, mbali na malisho. Pale langoni weka sinia pana la bati, mafundi wa Kamukunji watakutengenezea, lenye maji ya soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti: gramu 400 kwa lita 10 za maji, ambayo ni asilimia 4. Dawa hii virusi vya miguu na midomo haviwezi kuistahimili, na nchi yetu huichimbua papo hapo Kajiado, katika Ziwa Magadi. Usitumie yale magadi ya kupikia githeri, kwa sababu hayajasafishwa na hutajua nguvu yake. Na mtu asuguliwe soli kwa brashi na maji kabla ya kukanyaga sinia, maana hakuna dawa inayopenya bonge la kinyesi. Yale maji yakigeuka rangi, mwaga uweke mengine. Watoto wasiyaguse kwa mikono.

Chanjo nayo isikatike. Ya miguu na midomo, inayotengenezwa na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, hapa Embakasi, hurudiwa kila miezi sita kwa kawaida, na ratiba halisi ya eneo lako utaipata kwa daktari wa mifugo wa kaunti. Ukiona ng'ombe anadondosha mate, anachechemea, au ana malengelenge ulimini na kati ya kwato, funga lango siku hiyo hiyo na utoe taarifa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inakulazimu.

Maziwa mabichi usimpe mtu. Najua mgeni anataka kuona yakitoka yakiwa na povu, na anaweza kuona. Kuyanywa hapana. Bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao mifugo huwaambukiza watu, hupita kwenye maziwa ya ng'ombe anayeonekana mzima kabisa, mnene, manyoya yanang'aa. Anayeambukizwa huanza kuumwa baada ya wiki moja hadi nne, mara nyingine miezi: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na kiuno kuuma. Anatibiwa malaria, kisha taifodi, na hakuna anayekumbuka ile glasi aliyokunywa Isinya. Yachemshe mpaka yafure, kisha uwape chai. Maziwa ya Ankole ni machache lakini yana mafuta mengi, na chai yake ina ladha ambayo hawataipata mjini. Huo ni ukarimu kamili, na hakuna atakayehisi umemnyima kitu.

Usafi wa mikono nao usiuchukulie kuwa adabu tu. Kinyesi cha ndama wanaoonekana wazima kinaweza kuwa na vijidudu vinavyowaharisha watoto wadogo vibaya, na baadhi havifi kwa ile dawa ya mikono ya spiriti. Weka mtungi wa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya mahali pa kula, na chakula kisivuke hapo kwenda upande wa ng'ombe. Mama mjamzito akae mbali na sehemu ya kuzalia, na asiguse ndama mchanga wala kondo la nyuma. Mvua zikizidi sana, kama zilivyozidi mwishoni mwa 1997 na mwishoni mwa 2006, halafu ukasikia ng'ombe au mbuzi wanaharibu mimba kwa wingi eneo lenu, simamisha wageni kabisa. Hiyo inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo huwapata watu pia. Ng'ombe anayetoa mate mengi kana kwamba amekwamwa na kitu kooni, asitiwe mkono mdomoni na mtu yeyote, hata wewe, mpaka daktari aondoe shaka ya kichaa cha mbwa.

Sherehe za kuzaliwa mimi ningezikataa, angalau mwaka wa kwanza. Baluni moja ikipasuka, kundi zima linaweza kukimbia kwa mshtuko, na vipande vyake pamoja na karatasi za biskuti huishia tumboni mwa ng'ombe. Waya au msumari mdogo uliomezwa ni hatari zaidi: hukaa kwenye tumbo la pili na unaweza kutoboa hadi kwenye ngozi inayozunguka moyo. Droni pia hapana. Kikundi cha watu wasiozidi kumi, asubuhi kabla ya ng'ombe kwenda malishoni, kwa saa moja hivi, kitakupa pesa na usingizi.

Kuhusu kibao: kiweke, lakini usikitegemee. Kenya ina sheria ya wajibu wa mwenye eneo kwa wageni wake, Sura ya 34. Inakutaka uchukue uangalifu unaofaa ili mgeni awe salama kwa shughuli iliyomleta, inakukumbusha kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima, na haihesabu onyo kuwa limekuondolea wajibu kama onyo lenyewe halitoshi kumfanya mtu awe salama. Mtu uliyemtoza kiingilio na kumwongoza hadi kwenye pembe hutamjibu kwa kibao. Kaa na wakili kwa mazungumzo mafupi, uulize bima ya kuwalipia wageni wanaoumia, na ufike ofisi za kaunti kuhusu leseni. Hayo si ya kuandikiwa na daktari wa mifugo.

Mgeni akichomwa na pembe tumboni, kifuani au kinenani, apelekwe hospitali hata kama tundu ni dogo na halitoi damu nyingi. Pembe huingia ndani zaidi kuliko kidonda kinavyoonyesha. Aliyegongwa kifuani au kichwani naye vivyo hivyo. Mkwaruzo wa kawaida uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda. Na yeyote anayepata homa wiki kadhaa baada ya kukutembelea, mwambie amweleze daktari wake kwamba alikuwa kwenye shamba la ng'ombe.

Kabla hujapokea pesa ya mtu wa kwanza, mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa aje shambani. Atembee nawe kwenye uzio, amwangalie yule fahali, apange chanjo na dawa za kupe, na achukue damu ya kundi lote kwa kipimo cha bruselosi. Maabara Kuu ya Mifugo iko Kabete, na ndiyo njia ya uhakika. Mitamba wako wa kati ya miezi mitatu na minane wanaweza kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huo, kwa hiyo muulize siku hiyo hiyo. Majibu yakionyesha ng'ombe mwenye bruselosi, usimpeleke Bissil kumuuza kimya kimya. Mtenge, chemsha maziwa yote ya nyumbani, wewe na mchungaji na kila aliyesaidia kuzalisha mkapimwe, kisha mpigie yule daktari mpange pamoja hatua inayofuata kabla lango halijafunguliwa.